Usimpe Baba Mdogo Mafaili ya Foleni

Tunduma, Jumamosi alasiri

Sekela,

Saa hizi uko Ihanda unamuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mapema. Utarudi jioni umechoka, utakula, utalala, na kesho asubuhi shangazi yako atakuwa anakusubiri ng'ambo ya mpaka na gari la kwenda Kitwe, kwenye karakana yake ya maboksi. Hatutapata nafasi ya kukaa wawili. Ndiyo maana naandika. Kuandika ndiyo kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini, na mambo mengi niliyoyasema kwa mdomo niliyasema vibaya, likiwamo lile la Jumapili.

Mama yako ameshakupa orodha yake: sweta, dawa, nani wa kumsalimia kwanza, simu upige saa ngapi. Sitaigusa. Mimi nina jambo moja. Usiisaini karatasi ya baba yako mdogo. Usimpe mafaili ya Foleni, mchezo wako, hata moja, hata kwa kuazima.

Nitaeleza sababu kwa mpangilio, kama ninavyoandika habari. Sehemu kubwa ya habari hii mimi ndiye mkosaji. Soma mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Jumapili ulikuwepo, lakini kila aliyekuwepo hukumbuka chake, basi haya ni ninayoyakumbuka mimi. Tulikuwa tumetoka kanisani. Ubao wa Foleni ulikuwa mezani, ile barabara yako ndefu inayopanda kutoka Vwawa mpaka geti la mpakani, malori yako madogo ya mbao yamepangwa pua kwa mkia. Baba yako mdogo Lameck alifika na shati lake la harusi na bahasha ya kaki. Akafunua kadi ya juu, akaisoma kwa sauti.

"Karatasi haina muhuri. Rudi hatua tatu." Akapiga paja. "Mwanangu, wewe mchawi. Haya ni maisha ya watu kabisa!"

"Funua nyingine, baba mdogo."

"Mtandao umelala. Wote mlale hapo mlipo." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akafungua bahasha.

Maneno yake nayakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nayaandika kichwani. Steshenari yake itachapa mchezo na kuuza mpaka Dar. Kwa upande wako, mafaili yote yahamishiwe kwenye programu anayolipia kila mwezi, yakae kwenye akaunti ya ofisi, paswedi iwe ya ofisi, na mchezo uandikishwe kwa jina la ofisi. Wewe utakuwa "mbunifu wetu".

"Kwa nini yasikae kwangu?" ukauliza.

"Kwa sababu unatumia vitu vya bure. Vya bure, Sekela! Mashine za watu hazichapi vitu vya bure."

"Mashine haijui bei ya programu, baba mdogo. Inapokea PDF."

"Inapokea, halafu bluu inatoka zambarau. Nilikuonyesha, sikukuonyesha?"

"Ulinionyesha. Wiki iliyofuata nikakuletea nyingine, ikatoka bluu. Hiyo umeisahau?"

Mama yako alikuwa anamimina chai, akaacha birika hewani. Lameck akakunja karatasi taratibu, akasema lile alilokuja nalo tangu nyumbani kwake. "Na hiyo laptopu unayofanyia kazi ni ya nani?"

Laptopu ni yake, kila mtu chumbani alijua. Akanigeukia. "Kaka, sema neno."

Nikasema neno. Nikasema cha bure hakina mwenyewe, na kwamba umsikilize baba yako mdogo, maana yeye na mimi tumeshaumwa na nyoka huyo. Ukanitazama, ukauliza polepole: "Na herufi unazoandikia habari zako, baba, ulizinunua kwa nani?"

Nilikuita mtovu wa adabu mbele ya watu. Ulikuwa na adabu tele. Ulikuwa na hoja pia, na mimi hoja sikuwa nayo, nikaazima sauti ya mzazi. Nimewahi kuwaona wakuu wa idara wakifanya hivyo mbele ya kalamu yangu, na kila mara nimewaandika.

Sasa habari ya huyo nyoka. Unaijua kwa jina la "hitilafu ya kiufundi", kwa sababu ndivyo nilivyoiita gazetini na ndivyo ilivyoitwa hapa nyumbani tangu ukiwa mdogo. Haikuwa hitilafu ya kiufundi.

Nilikuwa na kijigazeti changu, kurasa nane, kikitoka mara moja kwa mwezi. Kurasa zilipangwa pale kwa Lameck, wakati huo steshenari yake ni chumba kimoja. Aliyezipanga ni dada mmoja aitwaye Tumaini, mwenye mkono mwepesi kuliko mpanga kurasa yeyote niliyewahi kumwona Mbeya. Programu waliyotumia ilikuwa ya majaribio, ile inayokuruhusu siku thelathini kisha inajifunga mpaka ulipie. Hakuna aliyelipia. Kila steshenari ya barabara ile ilikuwa na dawa yake, na dawa ya kwa Lameck ilikuwa hii: kila asubuhi, kabla ya kufungua programu, Tumaini aliirudisha tarehe ya kompyuta mpaka siku ile programu ilipowekwa. Saa aliiacha ilivyo, tarehe akairudisha. Programu ikiamka inakuta ni siku yake ya kwanza duniani, inafanya kazi bila kinyongo.

"Hapa kwetu, mwandishi, ni tarehe moja mwaka mzima," alizoea kunitania. "Nyie zeekeni. Mimi sizeeki."

Nilicheka. Mtu ambaye mkate wake ni tarehe na majina alikaa mbele ya kompyuta isiyojua leo ni lini, akacheka. Sikuona tatizo kwa sababu lilikuwa la kila mtu.

Mwezi mmoja niliandika habari ya mbegu bandia za mahindi. Wakulima walikuwa wamepanda, mvua zimenyesha, hakuna kilichoota. Mtu mmoja alinipa jina la muuzaji: Mzee Sikanyika wa Msangano. Nikaandika. Tumaini akapanga ukurasa, akauhifadhi alasiri, kama saa tisa. Usiku huo moyo haukutulia, kwa sababu jina lilitoka kwa mdomo mmoja tu. Alfajiri nikapanda pikipiki mpaka Msangano, nikakuta mzee hana hatia: alikuwa amepangisha ghala lake kwa mgeni, na mgeni ndiye aliyeuza. Nikarudi mbio. Tumaini akaliondoa jina, akahifadhi ukurasa uliosahihishwa kama faili jingine. Ilikuwa kama saa tano asubuhi.

Umeshaona. Kwa kompyuta ile kurasa zote mbili zilikuwa za siku moja, na saa tisa alasiri huja baada ya saa tano asubuhi. Ukurasa wenye kosa ulionekana kuwa ndio mpya.

Tumaini alilijua hilo. Alikuwa na daftari alimoandika kila faili na lipi ndilo la kupeleka, na hakuna siku alilipeleka lingine. Lakini mchana ule alikuwa ametoka kwenda kula, basi la Mbeya, ambako gazeti lilichapwa, lilikuwa linanguruma nje likisubiri flashi, na mimi nilikuwa na haraka. Daftari lilikuwa pembeni ya mkono wangu. Sikulifungua. Nilitazama lipi jipya, nikalinakili, nikampa kondakta.

Gazeti lilitoka na jina la Mzee Sikanyika.

Alikuja mwenyewe. Hakupiga kelele. Aliweka gazeti mezani kwangu, akavua kofia.

"Mwandishi, mimi nasoma polepole. Hebu nisomee hapa."

"Mzee, hapa kuna makosa yaliyotokea..."

"Sijauliza makosa. Nisomee."

Nikamsomea jina lake kwa sauti, na kijiji chake, na nilichodai amefanya. Akasikiliza hadi nukta. Kisha akauliza, "Mimi wajukuu wangu wanasoma shule na watoto wa hao waliopanda mbegu. Niwaambie nini?"

Nilimwambia ni kosa la steshenari. Hayo ndiyo maneno yangu kamili. Toleo lililofuata niliomba radhi kwa mistari minne, chini ya matangazo, "kutokana na hitilafu ya kiufundi kule steshenari". Lameck aliniuliza nani aliyepeleka faili. Nikasema mambo hayo yako mikononi mwa Tumaini. Sikusema uongo wa moja kwa moja, unaona? Niliupanga vizuri, kama mtu wa fani. Lameck akamwachisha kazi siku hiyohiyo.

Tumaini alinikuta nje, na mkoba wake na lile daftari. "Kaka, wewe ndiye uliyechomeka flashi," akasema. Nikampisha, akaondoka.

Miaka ikapita. Gazeti lilikufa, nikawa nawaandikia wenye magazeti makubwa. Siku moja nilikwenda Galula kuandika habari za wachimbaji wadogo. Vumbi la pikipiki limenijaa mpaka kwenye kope, nikaingia mgahawani kutafuta chai, na aliyekuja na kikombe ni Tumaini. Mgahawa ni wake. Alikuwa amenenepa, na alikuwa na wafanyakazi wawili wanaomwogopa. Nilimaliza chai, nikamfuata jikoni, nikaanza kuomba radhi. Akanikata.

"Usiniombee radhi jikoni, mwandishi. Huku nani anakusikia? Ulinichafua kwa kuandika. Kaandike."

Sikuandika. Nilijiambia gazeti halipo tena. Lakini kalamu ilikuwepo, na karatasi, na kinywa.

Sasa unaelewa kilichosema kinywani mwangu Jumapili. Mimi na Lameck tuliumwa na kitu tulichokiita "cha bure", tukaapa kutokigusa tena. Yeye akaanza kulipia programu, mimi nikaanza kudharau chochote kisicho na bei. Hakuna kati yetu aliyesema ukweli wa kitu chenyewe. Programu ile haikuwa ya bure. Ilikuwa ya wizi. Ilikuwa imechakachuliwa, na mtu anayefanya kazi juu ya kitu kilichochakachuliwa lazima akidanganye kila asubuhi, na akishazoea kuidanganya mashine, haoni ugumu kumdanganya mzee wa Msangano.

Na wewe hukufanya hivyo. Hilo lilinichukua siku tatu kulielewa. Jumatano, unakumbuka, nilikuja chumbani kwako kutafuta chaja. Sikuwa natafuta chaja.

"Hebu niambie ulichaguaje," nikakuuliza.

"Baba, unanihoji au unaniuliza?"

"Nakuuliza."

Ulinionyesha. Ulianza na ile ya mtandaoni wanayoitumia wenzako wote, haina malipo, ina mapambo mazuri. Ukaiacha kwa sababu bando likiisha kazi inasimama, vipande vizuri vina kufuli mpaka ulipie, na mchezo wako unalala kwenye nyumba ya mtu usiyemjua. Ukajaribu ya baba mdogo kule ofisini kwake. Ukasema ni nzuri, hukuisema vibaya, ila mafaili yake hufunguka vizuri kwake tu, na siku usipolipa umefungiwa nje ya kazi yako. Ndipo ukaja kwenye hizi programu huria, ambazo waliozitengeneza wametangaza wazi kwamba yeyote azitumie, azinakili, ampe jirani: Inkscape kwa kuchora ubao na kadi, GIMP kwa picha, Scribus kwa kitabu cha sheria na kwa kuandaa kurasa za kwenda kwenye mashine.

"Na bluu?" nikakuuliza, maana Lameck hakusema uongo kuhusu bluu.

"Bluu ni kweli ilinisumbua. Kwenye kioo rangi ni mwanga, kwenye karatasi ni wino wa rangi nne, na Inkscape peke yake haina mkono mzuri wa wino. Kwa hiyo rangi za mwisho nazipangia kwenye Scribus, halafu nachapa karatasi moja ya majaribio kabla ya zote. Napoteza siku moja. Ndiyo hasara yenyewe."

Nimewahoji wahandisi waliojenga barabara na hawakunijibu hivyo, faida kwa jina lake na hasara kwa jina lake. Kisha ukanionyesha lori. Ulibadilisha taa za lori moja, na malori yote kwenye kadi zote yakabadilika taa, kwa sababu uliyafanya kuwa nakala za lile lori mama. Ukacheka kama ulivyokuwa ukicheka ukiwa na miaka sita. Nilitoka chumbani bila chaja.

Alhamisi ukanipa flashi. "Tunza, baba, ni nakala ya pili." Hukujua umempa nani. Jana mlipokuwa sokoni niliitoa kompyuta yangu ya zamani, ile isiyokaa na chaji, inayotaka iwe imechomekwa ukutani muda wote. Nikashusha programu zako tatu kwa bando la simu. Hakuna aliyeniomba paswedi, hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Tarehe ya kompyuta ilikuwa ya jana, sikuigusa. Nikafungua mafaili ya Foleni moja moja.

Ubao ulifunguka. Kadi zilifunguka zote, nilizihesabu mara mbili. Kitabu cha sheria kilifunguka na sura ngeni, herufi zimekuwa pana, mistari imemwagikia ukurasa wa pili, nikasema moyoni: haya, Lameck atacheka. Kisha nikaiona folda uliyoiita HERUFI. Umeweka humo aina zote za herufi ulizotumia, na karatasi inayosema kila moja imetoka wapi na mwenyewe ameruhusu nini. Nikazisakinisha, nikafungua tena, kitabu kikakaa sawasawa. Sekela, mimi nimefundisha waandishi vijana wengi kutaja chanzo cha kila wanachokiandika. Sijampata hata mmoja aliyetaja chanzo cha herufi.

Kwa hiyo nimethibitisha kwa macho mawili. Kazi yako haikai ndani ya laptopu ya Lameck. Haikai ndani ya akaunti yoyote. Inakaa unapoiweka wewe.

Lameck amekuja leo saa saba mchana. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Alikuja kuchukua ama karatasi iliyosainiwa, ama laptopu.

"Laptopu ni yako," nikamwambia. "Kilichomo si chako. Sekela akirudi atatoa vyake, kesho mapema utaikuta mezani."

"Kaka, unamharibu mtoto. Ataenda Kitwe na nini?"

Nikamwonyesha kompyuta yangu pale mezani, na kamba yake imeingia ukutani.

"Hicho kikopo?"

"Kikopo hiki kimefungua kadi zote."

"Na kikifa njiani?"

"Atafungulia kwingine. Kwa shangazi yake ziko mbili. Hahitaji kukuomba."

Hapo alikasirika, na sehemu ya hasira yake ilikuwa ya haki. "Nani alimpa kompyuta ya kwanza? Nani alimpa karatasi za kujaribia? Mimi ndiye niliyembeba!"

"Ulimbeba, na hata mbele ya mama yetu nitakushukuru. Hukumnunua."

Nikaona kwamba nikiishia hapo nitakuwa nimeshinda, na mimi naujua ushindi wa namna hiyo, nimeshinda mara nyingi kwa kuishia mahali pazuri. Nikaendelea.

"Jingine. Ile flashi ya gazeti, ya mbegu bandia. Niliichomeka mimi. Faili nilichagua mimi. Tumaini alikuwa amekwenda kula."

"Kaka, mimi nilimfukuza mtu."

"Ndiyo."

"Ana watoto, yule. Nilimfukuza kwa neno lako."

"Ndiyo, Lameck."

Hakunywa chai. Mlangoni aligeuka akaniambia kwamba karatasi bado iko, ukitaka kusaini anapatikana, na kwamba mimi sina mamlaka ya kufundisha mtu kuhusu haki ya kazi. Hilo la pili ni kweli. Naandika pamoja na hilo.

Nimeandika aya tatu leo: jina la Tumaini, jina la Mzee Sikanyika, jina langu, na nani alifanya nini. Hakuna hitilafu humo. Jumatatu nitampelekea Lameck abandike kwenye ubao wa matangazo wa steshenari. Asipotaka, nitabandika kwenye mlango wetu wa mbele, wapita njia wasome. Jumanne nakwenda Msangano, kisha Galula. Nakujulisha ili usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu. Kuna watakaosema umeondoka umeacha baba yako amechanganyikiwa. Waache waseme.

Kuhusu Kitwe sitakudanganya. Karakana ya shangazi yako imezoea maboksi ya viatu na ya keki. Ubao wa mchezo hajawahi kuutengeneza, na alisema kwenye simu atajaribu, hakusema ataweza. Kadi za kwanza zinaweza kukatwa upande. Bluu inaweza kurudi zambarau. Inawezekana mwakani Foleni ikawa maboksi yamerundikana stoo, na Lameck atasema alisema. Nimeyapima hayo yote na bado nasema usisaini. Mchezo ukishindwa ukiwa wako, utautengeneza upya. Ukifanikiwa ukiwa wa ofisi, utakuwa unapita barabarani unaona malori yako kwenye dirisha la mtu na huwezi kubadilisha hata taa.

Na kama unafikiri nasema hivi kwa sababu wewe ni mwanangu, nikukumbushe siku ile kule maegesho ya malori, ulipowapelekea madereva ubao wakaucheze wakisubiri zamu. Nilikuja nyuma yako bila kukuambia, nikasimama penye kivuli cha tela. Dereva mmoja wa Zambia alifunua kadi ya muhuri mara mbili mfululizo, akaruka juu akikataa na kumwita mama yake kwa Kibemba. "Awe, mayo! Kadi hii itoe! Hii si mchezo, hii ni mimi!" Mwenzake wa Mbozi akamwambia, "Rudi hatua tatu, baba, acha kulialia, hata juzi ulilia hivyohivyo getini." Zamu yao ilipofika hawakusikia honi. Watu wanaoichukia foleni kuliko kitu chochote waliikataa foleni yao halisi ili wamalize ya kwako. Nimekaa mpakani hapa nusu ya maisha yangu nikijaribu kuwafanya watu waione hiyo foleni. Wewe uliweza kwa mbao na kadi.

Kesho utavuka kwa miguu. Utakuwa na begi, kompyuta yangu yenye kamba, na boksi la Foleni la mfano. Kwenye mstari utawasikia wenzako wakiulizwa na afisa wamebeba nini, na utasikia jibu letu sote wa Tunduma. Ukibeba vitenge, ukibeba sabuni, ukibeba simu kumi, jibu ni lile moja: "Si yangu, nimetumwa." Bibi zako walilisema, mimi nimelisema na mzigo wangu mwenyewe kichwani. Ni jibu rahisi. Huondoa maswali, na mtu akilisema mara nyingi huondoa na mengine.

Afisa akifungua boksi lako akauliza ni la nani, simama wima, mpe salamu yake, umwambie ni lako, umelitengeneza mwenyewe. Akitaka ushahidi, mfundishe kucheza.

Baba yako